Jinsi ya kuandika sheria za Mafia ya WhatsApp ili watu wasigombane gemu ikiwa katikati

Mafia ni gemu ya kudanganyana: kila mtu anapewa roli yake kwa siri, wachache ni mafia na usiku wanaua mtu, wengine ni raia, mchana wote wanapiga kura kumnyonga wanayemshuku, na kati ya raia kuna daktari anayeokoa mtu usiku na polisi anayechunguza mtu. Kama umeshawahi kuiendesha kwenye grupu la WhatsApp unajua ugomvi mkubwa hautokei pale mtu anaponyongwa, unatokea pale watu wawili wamesoma sheria moja kila mtu kaelewa lake, huyu anasema daktari anaruhusiwa kujiokoa mwenyewe, yule anasema haijawahi kutokea, na wewe hosti, yani muendeshaji wa gemu, umekaa hapo unajua daktari ni nani na mafia ni nani, na jibu lolote utakalotoa sa hivi kuna mtu linamuua. Ukisema ndiyo umemlinda daktari, ukisema hapana umewapa mafia usiku wa bure, na gemu ikiisha wote wakijua nani alikuwa nani utaambiwa umependelea hata kama ulijibu kwa moyo safi kabisa. Kwaio yote ninayoandika hapa yanaenda sehemu moja tu: maamuzi yafanyike kabla roli hazijagawiwa, wakati hakuna mtu hata mmoja anayejua uamuzi utamfaa nani.

Mafia yenyewe sio gemu ngumu. Ilianzia Moscow miaka ya 1980, aliyeitunga anaitwa Dimitry Davidoff alikuwa idara ya saikolojia pale chuo kikuu cha serikali cha Moscow, wazo lake ni watu wachache wanaojuana wakipambana na wengi wasiojuana. Mwaka 1997 Andrew Plotkin akaigeuza ikawa ya kijiji na mbwa mwitu, na wengi wetu tumeijua kupitia ndugu yake Among Us, gemu ya simu na kompyuta ambayo ilitoka 2018 lakini watu wakaivamia 2020 wakati kila mtu kafungiwa ndani. Sasa angalia Among Us kabla hujaanza kucheza, kuna ukurasa mzima wa kuseti: mikutano mingapi ya dharura, sekunde ngapi za kujadiliana, sekunde ngapi za kupiga kura, kura ziwe za siri au za wazi, aliyetupwa nje aonyeshwe kama alikuwa imposta (yani muuaji) au la. Pale hakuna anayebishana, mashine ishaamua. Kwenye WhatsApp hamna mashine, hosti ndo mashine, na kila kile kitufe ambacho hukukiseti mapema watakiseti wenyewe katikati ya gemu kwa kelele.

Anza na hesabu ya watu. Kanuni ya ushindi iandikwe wazi: raia wanashinda mafia wote wakiisha, mafia wanashinda idadi yao ikilingana na ya raia waliobaki, manake hapo hakuna kura inayoweza kuwatoa tena. Kutokana na hiyo unaweza kupima kama gemu yako ina haki. Chukua watu 7, mafia 2: raia wakinyonga raia mwenzao siku ya kwanza wanabaki raia 4, usiku anakufa mmoja wanabaki 3, wakikosea tena wamebaki 2 kwa 2, imeisha. Yani makosa mawili tu. Watu 9 na mafia walewale 2, raia wanaweza kukosea mara mbili bado wako hai, kosa la tatu ndo linawamaliza. Mi naona 9 kwa mafia 2 ndo mahali pazuri kwa grupu linaloanza, hapo unaweka daktari mmoja na polisi mmoja wengine wote raia wa kawaida. Wakifika 12 peleka mafia 3. Na usiongeze roli za ajabu ajabu kwasababu umeziona mahali, kila roli moja unayoongeza inakuja na maswali yake na utatakiwa uyajibu yote mapema.

Alafu mpe kila mtu namba. Kwenye magrupu yetu kuna Mama K wawili, kuna mtu kajiita nukta tu, kuna mwingine anabadilisha jina la WhatsApp kila wiki, sasa mtu akiandika "nampigia K" utahesabu kwa nani? Namba 1 mpaka 9, orodha ipinwe juu, kura zote kwa namba.

Sasa kura, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo penye kesi nyingi. Usitumie ile kura ya kubonyeza ya WhatsApp. Najua ni rahisi, lakini mtu anaweza kuhamisha kura yake na ile ya kwanza inapotea kabisa, na kwenye gemu hii nani alimpigia nani na alihama saa ngapi ndo ushahidi wenyewe, ukiufuta umewanyang'anya raia silaha yao. Kura iandikwe kama ujumbe, peke yake kwenye mstari, mfano "KURA 4". Kuitoa ni "NATOA KURA". Mtu akiandika "mi naona 4 ananukia mafia" hiyo sio kura, ni maoni. Alafu amua mambo manne na uyaandike: anayenyongwa ni lazima apate zaidi ya nusu ya walio hai au yule mwenye nyingi tu inatosha, zikilingana inakuwaje, mtu anaruhusiwa kusema asinyongwe mtu leo, na je kura ya mwisho inayotimiza nusu ikiingia siku inaisha palepale au mnasubiri muda. Hilo la mwisho watu wanalisahau kila mara. Wakiwa 9 kura ya tano ni shoka, ikitua aliyekuwa anataka kujitetea hana nafasi tena, mafia mjanja anaitumia vizuri sana hiyo. Mi napenda isimalize siku, zisubiriwe mpaka muda ufike ili mtu aliyeko kazini arudi ajitetee, lakini kuna magrupu yanapenda shoka na ni sawa kabisa ili mradi kila mtu alijua tangu mwanzo. Zikilingana, asinyongwe mtu. Usipige shilingi, manake raia akifa kwa shilingi hakuna aliyejifunza chochote.

Muda nao. Ukiandika "kura zinafungwa saa 3" umeshaharibu. Aliyeko Dar anasoma saa tatu usiku, mwenzake Toronto aliyezoea kuhesabu kizungu anaona saa tatu ni saa tisa mchana, na wote wako sahihi kwa mazoea yao. Andika "saa 3:00 usiku ya Dar, yani 21:00". Dar, Nairobi na Kampala saa zao ni sawa, Muscat na Dubai wako mbele kwa saa moja, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja, London wako nyuma saa mbili au tatu kutegemea na msimu. Kama una watu Ulaya na Amerika usifunge kura mida ambayo wako kazini, gemu itakuwa ya wale wanaokaa na simu tu. Na kuna kesi ya mtandao: mtu kaandika kura 20:59, bando limekata, imefika 21:04, kwenye simu yake inaonekana iliwahi. Sheria iwe hivi, kura inayohesabika ni ile iliyofika kwenye simu ya hosti kabla ya tangazo la kufunga. Kwa simu ya hosti, sio ya mwingine. Ni kali kidogo lakini hamna njia nyingine isiyoleta skrinishoti za saa.

Usiku hosti afunge grupu, ile seting ya maadmini tu ndo watume. Lakini angalia kwanza maadmini ni wangapi! Magrupu ya marafiki mara nyingi nusu yao ni admini, hao wataandika usiku kucha. Fungua grupu jipya la gemu, admini awe hosti peke yake.

Roli za usiku ndo zinataka maneno mengi kuliko zote. Watu wengi wanaandika hivi:

"Daktari anaokoa mtu mmoja kila usiku."

Ukisoma haraka unaona imetosha. Haijatosha. Iandike hivi:

"Daktari anatuma namba moja kwa hosti kabla ya saa 5:00 usiku ya Dar. Anaweza kujitaja mwenyewe mara moja tu kwa gemu nzima. Hawezi kutaja namba aliyoitaja usiku uliopita. Akibadilisha mawazo, namba ya mwisho kabla ya muda ndo inayohesabika. Asipotuma, hakuna anayeokolewa. Aliyeokolewa haambiwi, na daktari haambiwi kama alipatia."

Na polisi hivyohivyo: anatuma namba moja, anajibiwa "mafia" au "sio mafia", hapewi maelezo mengine, na akiuawa usiku huohuo jibu halipati. Mafia wawili wakituma namba tofauti za mtu wa kumuua, ya mwisho kabla ya muda ndo inachukuliwa. Wasipotuma hafi mtu. Na asubuhi ambayo hajafa mtu tangazo liwe na maneno yaleyale siku zote, "usiku wa jana hakuna aliyekufa", bas, iwe daktari kaokoa au mafia wamelala wakasahau, kwasababu ukibadilisha hata neno moja watu wa gemu hii wataligeuza geuza mpaka walipate.

Usisahau kusema kama mafia wanaruhusiwa kuongea kwenye grupu lao la siri mchana. Mi nawaruhusu, inawasaidia wageni.

Kuna jambo la tiki za bluu na ile "anaandika…". Mtu anakuja asubuhi anasema nilimuona namba 6 onlaini saa sita usiku, huyo lazima ni mafia. Namba 6 alikuwa anaongea na mama yake. Kwanza kataza: saa ya mtu kuonekana onlaini, tiki, kuandika na kuacha, visitumike kama ushahidi. Ila kukataza peke yake hakutoshi manake mtu akishaona ameona, hawezi kuling'oa kichwani. Dawa yake ni kumfanya kila mtu atume kitu usiku, hata raia wa kawaida, atume kwa hosti namba ya anayemshuku. Hosti haitumii popote, lakini sasa wote tisa wako onlaini usiku na hakuna cha kusoma. Na inakusaidia kujua nani bado yupo gemuni na nani keshapotea.

Ujumbe uliotumwa usifutwe na usieditiwe. WhatsApp inakupa dakika 15 za kuedit na kama siku mbili za kufuta kwa wote, na mtu akifuta ujumbe saa moja kabla ya kura, siku nzima inaliwa na "alifuta nini?", wengine waliusoma wengine hawakuusoma. Umekosea kuandika, andika mwingine chini yake. Na ujumbe unaojifuta wenyewe uzimwe kwenye grupu la gemu, la sivyo siku ya tatu mkitaka kurudi kusoma siku ya kwanza hamuoni kitu.

Sasa skrinishoti na viapo, hivi viwili mi naviona ni kitu kimoja. Gemu hii inaishi kwasababu kila mtu anaweza kusema "mi ni polisi" na hamna njia ya kuthibitisha zaidi ya kumsikiliza. Mtu akipiga picha ujumbe wa hosti akaurusha grupuni, imekufa. Hata kuunukuu neno kwa neno iwe marufuku, na wewe hosti ujumbe wa roli uwe na urefu uleule kwa wote, mpangilio uleule, saa ileile, ili hata mtu akisema "wangu ulikuwa na mistari minne" isimsaidie kitu. Kusema roli yako kwa maneno yako ruksa, hiyo ndo gemu.

Na kiapo ni skrinishoti ya moyo. "Wallahi mi sio mafia." "Haki ya Mungu tena." "Naapa kwa kaburi la baba." Kwetu kiapo kina uzito, kuna watu wengi tu hawawezi kuapa uongo, kwaio raia wakianza kuapa mmoja mmoja yule asiyeapa keshajulikana asubuhi ya kwanza, au mbaya zaidi anaapa uongo kwa kubanwa alafu analala na lile jambo moyoni kwasababu ya gemu. Hakuna gemu inayostahili hilo. Kwaio andika wazi kuwa kuapa ni marufuku na kumwambia mwenzako "apa basi kama sio wewe" ni marufuku vilevile, anayeanza kudai kiapo ana kosa sawa na anayeapa. Mara ya kwanza anaonywa grupuni, mara ya pili anatolewa anaingia wa akiba. Vivyo hivyo dau la pesa, "niko tayari kumtumia kila mtu elfu kumi kama mi ni mafia", ikataze. Na kuna watu Ramadhani hawachezi kabisa kwasababu gemu ina kusema uongo ndani yake, usiwabembeleze, waulize tena baada ya Idi.

Lugha: kama grupu ni la Kiswahili kila kitu kiwe Kiswahili ambacho wote wanakipata. Wawili wakianza kuongea Kichaga au Kiarabu katikati ya wengine, hata kama wanasalimiana tu, wengine wanaona wamefungiwa mlango. Sheng na maneno ya mtaani sawa, ila akitokea mtu akauliza maana aambiwe.

Wanaokaa nyumba moja, mke na mume, ndugu, warumeti. Hosti anashawishika kuwaweka upande mmoja ili isilete shida, usifanye hivyo, manake watu wakigundua ndo mtindo wako basi wakimpata mmoja wamewapata wote wawili. Gawa kwa bahati nasibu kama kawaida na waambie nyumbani gemu haiongelewi. Wakishindwa, mmoja acheze gemu hii mwingine ijayo.

Waliokufa. Aliyekufa haandiki, hatumi emoji, habonyezi laiki kwenye ujumbe, habadilishi stetasi kuandika "mtajuta". Kicheko kimoja cha marehemu kinatosha kuwaambia raia wamekosea. Watengenezee grupu la makaburini wapige stori huko wakisubiri, wanaburudika kuliko walio hai, lakini amua kama huko wataambiwa roli zote. Ukiwaambia, basi aliyeko makaburini hawezi kurudi kucheza kama mbadala, hata kama umekosa mtu. Na roli ya aliyekufa itangazwe au isitangazwe? Kwa watu wanaoanza tangaza, inawapa kitu cha kushika. Kwa wazoefu ficha.

Anayepotea ni tatizo la kila gemu ya mtandaoni, umeme umekatika, bando limeisha, kazini kumebana. Kuwa na wachezaji wawili wa akiba tangu mwanzo. Mtu akikaa siku nzima ya gemu bila neno na hajatoa taarifa, mtafute inboksi, asipojibu mpaka siku inayofuata ianze anaingia wa akiba na roli ileile. Usimuue wewe hosti, manake ukimuua mafia kwa kupotea umewapa raia ushindi ambao hawakuufanyia kazi, na kinyume chake. Kumtoa kabisa iwe ya mwisho kama akiba wameisha.

Kuna mpaka mwingine lazima uuandike kwa maneno makali: ndani ya gemu ruksa kudanganya, kusaliti, kumgeuka rafiki, ila ya nje yabaki nje. Mtu akisema "usimwamini 3, hata hela ya mchango wa harusi hajarudisha", hapo sio gemu tena, hiyo ni kumdhalilisha mwenzako mbele za watu. Ndoa, madeni, kabila, dini, ugonjwa, hakuna. Hii haina onyo la kwanza.

Mwisho kabisa, pamoja na yote hayo kuna swali litatokea ambalo hukuliandika. Hapa ndo hosti anaonekana. Mtu kakuuliza inboksi "ivi daktari akijiokoa mara ya pili inakuwaje?" usikimbilie kutangaza grupuni, manake ukitangaza umewaambia wote kuwa daktari yupo hai na anauliza. Mjibu kulekule inboksi, kwa jibu lililoandikwa kwenye sheria. Kama halijaandikwa kabisa, tafuta mtu asiyecheza, mwelezee bila kutaja nani ni nani, muulize yeye angeamuaje, na uchukue jibu lake. Sheria uliyoitoa hivyo inatumika mpaka gemu iishe hata kama umeona ni mbaya, marekebisho yanasubiri gemu ijayo. Na hosti akituma roli ya mtu grupuni kwa bahati mbaya gemu ifutwe palepale, roli zigawiwe upya, msijaribu kuendelea mkijifanya hamjaona.

Ukishamaliza kuandika, irushe grupuni siku moja kabla, acha watu waulize kila wanachotaka hadharani wakati bado hakuna mwenye roli, kila jibu liongeze kwenye maandishi yaleyale, pin toleo la mwisho, na kila mchezaji aandike "nimesoma" na namba yake. Ambaye hajaandika usimpe roli, ita wa akiba.